Nani Yuko Mbele

Mimi radhi siombi. Jamaa za marehemu mume wangu wamekuja mara mbili, wamekaa hapa kwenye mkeka wangu, wamekunywa chai yangu, wakaniambia nimwombe radhi shemeji yangu Fadhul kwa kumwaibisha njiani mbele ya watu mwaka ule wa vita. Nikawajazia vikombe, nikawaambia: radhi hakuna, sukari ipo. Sasa na nyinyi sikilizeni nilichofanya, halafu mseme wenyewe kama nimekosa.

Sisi Wanubi tumezaliwa nyuma ya jeshi. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kujidharau, ndivyo ilivyo. Bibi zetu walitoka Sudan kwa miguu wakiwafuata waume zao askari, sufuria kichwani, mtoto mgongoni. Jeshi likilala, wanapika. Jeshi likiamka, wanafunga virago. Mama mkwe wangu, Bi Hajara, alizaliwa kambini, akaolewa kambini, na ukimwuliza umri wake atakutajia ofisa aliyekuwa kambini mwaka huo. Msichana wa Kinubi alifundishwa kupika, kusuka vikapu vya rangi, na kufunga mizigo kabla tarumbeta halijanyamaza. Kuuliza tunakwenda wapi, hilo somo halikuwepo.

Mume wangu Burhan alikuwa dereva wa lori la jeshi pale Jinja. Tulikaa Mafubira. Alikuwa mpole mpaka anaudhi, hata kuku alimpelekea jirani amchinjie. Akafa Lukaya, mwezi wa tatu mwaka 1979, Watanzania walipokuwa wanakuja Kampala. Maiti sikuiona. Nikaingia eda, nikakaa ndani na binti yangu Shamim, miaka kumi na mitano. Mungu alinipa watoto wanne, akachukua watatu kwa surua, akaniachia huyu mmoja na mdomo wake. Kwa hiyo mimi katika vita ile sikuwa na upande. Nilikuwa na Shamim. Asiuawe, asichukuliwe, basi.

Mwezi wa nne, siku chache kabla Jinja haijaanguka, Fadhul akaja na lori. Fadhul ni mdogo wake Burhan, alikuwa sajini. Hodi hakupiga.

"Mastula, panda. Nakupa dakika kumi."

"Niko ndani ya eda, shemeji."

"Sharia inaruhusu mtu akiwa na hofu."

"Nani kakwambia mimi nina hofu?"

"Mimi ninayo," akasema. Hapo nikamheshimu kidogo, maana alisema kweli.

"Tunakwenda wapi?"

"Kaskazini."

"Kaskazini wapi?"

"Mastula! Mfuata nyuki hakosi asali. Panda!"

Kuna asali na kuna kuumwa, lakini Fadhul methali zake huishia katikati. Hata hivyo nilipanda. Ndiyo, nilipanda, na mkeka wangu na sufuria zangu na binti yangu, wala sikuuliza mara ya pili. Ukifundishwa jambo tangu utotoni, miguu hulijua kabla ya kichwa.

Tulikuwa watu ishirini na watatu juu ya lori moja, pamoja na mke wa Fadhul na watoto wake, na Bi Hajara amekaa juu ya gunia la mchele kama amelilipia tiketi. Tukapita Iganga, Namutumba, Budaka. Mvua ilikuwa inanyesha na barabara ile haikuwa na lami, matope tupu. Lori nyuma ya lori. Askari, wake zao, magodoro, mbuzi, hata friji niliiona, ya nini sijui. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, tukafika Namatala, pale unapoingia mji wa Mbale. Tukakuta msafara wa mbele umesimama.

Saa moja ikapita. Ya pili. Ya tatu. Mlima Wanale uko pale pale unatutazama na mawingu yake. Hakuna aliyeuliza kitu. Wanawake wakateremka, wakakusanya vijiti, wakawasha moto, wakabandika sufuria kama bibi zao. Na mimi nikashika sufuria yangu. Halafu nikaiweka chini.

Nikamwendea dereva wa lori lililokuwa mbele yetu. "Baba, tunangoja nini?"

"Namngoja huyo wa mbele."

Nikaenda kwa huyo wa mbele. Akasema yeye pia anamfuata aliye mbele yake. Lori la tatu kulikuwa na koplo, akanifokea: "Mama, maswali yako peleka mbele!" Haya, nikayapeleka mbele. Nilitembea kwenye matope na nguo zangu za eda, nikipita lori baada ya lori, nikiuliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile. Mama mmoja akaniambia nisiwatie mkosi. Nilihesabu malori thelathini na moja. Thelathini na moja, wallahi, na kila dereva alikuwa anamngoja mwenzake.

Lori la kwanza kabisa mlango wake ulikuwa wazi. Kitini palikuwa na bereti ya jeshi na ganda la ndizi. Mtu hakuna.

"Dereva yuko wapi?" nikawauliza wanawake waliokuwa nyuma.

"Amekwenda kujisaidia."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha mabati, mwanamke mnene anasukuma chapati. Huyo ndiye Wilkista, Mjaluo wa Kenya, aliyekuwa anawapikia madereva wa malori ya masafa marefu. Akacheka mpaka akashika meza.

"Kujisaidia! Dereva wenu kavua yunifomu nyuma ya choo changu saa mbili asubuhi. Kanipa saa yake ya mkono, nikampa shati la mume wangu, akapanda baiskeli kwenda mpakani. Saa hizi anakunywa uji Kenya."

Mimi sikucheka. Wilkista akaona sicheki, akaacha. Akanivuta karibu na jiko. "Dada, msiende huko. Tangu jana kuna akina mama wanarudi kwa miguu kutoka njia ya kwenda mji wa Kumi. Askari wenye bunduki wanawashusha, wanachukua lori wakimbie wao."

"Na wasichana?"

Akageuza chapati. Akaigeuza tena. "Wasichana, sijamwona akirudi hata mmoja," akasema.

Nilirudi mbio. Mimi, mjane wa eda, nilikimbia barabarani mbele za wanaume. Nikamwambia Fadhul kila kitu, na sikushusha sauti, watu wote wa lori letu walisikia.

"Maneno ya mama wa chapati hayo," akasema.

"Basi njoo ukaone kiti. Kiti hakina mtu! Tumefuata kiti tangu asubuhi!"

"Sihitaji kuona."

Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Kama angekwenda akaona, halafu akasema tuendelee, pengine ningekubali. Lakini hakutaka kuona. Fadhul si mtu mbaya, nisimsingizie. Alimtibu mama yake, alitulisha nilipofiwa. Ila maisha yake yote alikuwa anatazama mgongo wa mtu mwingine, na mgongo ukikosekana, macho yake hayajui pa kwenda.

Huko mbele askari walichoka kungoja, wakawashusha wale wanawake, wakalisukuma lile lori lisilo na dereva mtaroni, na lori la pili likawa la kwanza. Dereva wake hakuijua njia zaidi ya jana. Alikuwa mbele kwa sababu tu hakuna mwingine aliyekuwepo. Injini zikawaka, honi zikaanza.

"Pandeni!" Fadhul akapiga kelele.

"Sipandi. Shamim, teremka."

Shamim alikuwa juu ya lori na watoto wa baba yake mdogo. Akasimama. Fadhul akamkamata mkono.

"Wewe baki ukitaka. Huyu ni damu ya Burhan, ni mtoto wetu."

Na kwa desturi yetu alikuwa na haki. Mtoto ni wa upande wa baba, na baba akifa, ndugu zake ndio baba. Hakuna hata mwanamke mmoja mle ndani aliyefungua mdomo. Nikaona hapa maneno yamekwisha. Nikaenda mbele ya lori, nikalala chini, mbele ya gurudumu.

Ndiyo. Hiyo ndiyo aibu yenyewe wanayonidai. Nililala kwenye matope chali, nikasema, "Haya, Fadhul, nenda na mwanangu. Lakini uanze na mimi hapa, iwe rahisi."

Honi za nyuma zikalia kama za harusi. Madereva wakatukana. Mmoja akasema nipitwe tu. Dereva wetu akatoa mikono kwenye usukani, akaiweka kichwani. Nilikuwa naona chuma cha chini ya lori, nasikia joto lake usoni, na nitakwambia kweli, niliogopa mpaka nikajikojolea. Lakini sikuinuka.

Aliyesema ni Bi Hajara, kutoka juu ya gunia lake. "Fadhul, mwachie mtoto. Na mimi nishusheni."

"Mama! Wewe tena?"

"Nimefuata jeshi miaka sabini. Magoti yamekataa. Nishusheni na mchele wangu."

Mkono wa Fadhul ukalegea, na Shamim akaruka. Bi Hajara akateremshwa na watu wanne huku akiwaelekeza pa kushika. Lori likaondoka. Fadhul hakutuaga, lakini niliona midomo yake ikicheza kama ya mtoto anayezuia kilio, na mimi pia nililia. Alifika Sudan yeye na mkewe na wavulana. Binti yake mkubwa hakufika. Mkewe mpaka leo ukimtajia Kumi anatoka chumbani. Na bado wanataka niombe radhi!

Wilkista akatuweka kwenye chumba chake. Nikamwuliza kwa nini. "Mimi pia mgeni hapa," akasema. "Leo ni nyinyi, kesho ni sisi." Akatuambia tuvue nguo zetu za Kinubi, na akatutafutia ukoo mpya: sisi mashemeji zake, Waislamu wa Mumias kule Kenya. Mumias Waislamu wapo, atakayebisha nani? Taabu ilikuwa Bi Hajara. Wazee wetu wana chale tatu kila shavu, na siku zile chale hizo zilitosha kumwua mtu. Tukamfunga kitambaa usoni, tukasema jino linamuuma.

Askari walipokwisha kupita, watu wa mji wakatoka. Siwalaumu wote. Walikuwa wamepigwa, wameporwa, watoto wao wamechukuliwa kwa miaka minane ya utawala wa jeshi, na waliofanya hayo walisema Kiswahili na wengine walikuwa watu wetu. Lakini hasira ile haikuchagua. Siku moja mchana fundi viatu aitwaye Cleophas, mteja wa Wilkista, akaja mlangoni na panga, na nyuma yake watu kama kumi.

"Hapa kuna Wanubi."

"Hapa kuna mashemeji zangu wa Mumias," akasema Wilkista.

"Huyo bibi afungue uso!"

Shamim alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni. Nikatoka nje nikiwa na mti wa kusukumia chapati. "Cleophas ndiye wewe? Umekula chapati za mwanamke huyu mwaka mzima, leo umekuja kukata mashemeji zake? Huna haya! Unataka kufungua uso wa mgonjwa? Kwanza fungua wewe huo mfuko ulio begani, watu waone redio umeitoa kwa nani!"

Sikujua kama ni redio. Ilikuwa redio. Wale kumi wakaanza kuutazama mfuko badala ya kututazama sisi, wakaulizana, wakacheka. Mmoja wao alikuwa ameshika mwiko. Mwiko! Alikuja kuua watu na mwiko kwa sababu wenzake wamekuja. Wakatawanyika mmoja mmoja, na Cleophas akabaki peke yake na panga lake, akaona haya, akaenda.

Nilijiona simba. Watanzania wakaingia mji, wakakuta mwanamke anayewajibu kwa Kiswahili chao na chai ya tangawizi, wakajaa kibandani. Tukapanua, mimi na Wilkista. Watu wakaniita Mama Mumias. Wanawake wengine waliokuwa wamejificha wakanijia kwa siri kuniuliza wafanye nini, nami nikawapangia kila mmoja uongo wake. Kumbe simba ameingia tunduni mwenyewe na kufunga mlango.

Nilikuja kulijua hilo mwaka 1980, siku moja asubuhi, Shamim akiwa anakata vitunguu. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Mama, baba alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kiwanda cha sukari, Mumias," nikasema.

Akaweka kisu. "Hakuna mteja hapa, mama. Tuko wawili tu."

Mtume! Maiti ya Burhan sikuiona, kaburi lake silijui, na sasa hata jina lake nilikuwa nimelitupa, na nililitupa bila kuambiwa na mtu. Nikamkemea Shamim akate vitunguu. Mtu akikosa jibu hukemea.

Shule moja Nabuyonga ilifunguliwa tena muhula huo, nikampeleka. Njia nzima nikamfundisha. "Ukiulizwa kabila, wewe Mluhya. Baba yako alifanya kazi kiwandani, akafa kwa malaria. Usibishane na mtu. Umesikia?" Akanyamaza. Shamim akinyamaza, jua kuna jambo.

Mwalimu Aloysius alikuwa anaandikisha darasani, mbele ya wanafunzi waliokwisha kuingia, maana ofisi iliporwa mpaka milango. Alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akafungua daftari.

"Jina?"

"Shamim."

"Kabila?"

"Mluhya," nikasema mimi haraka. "Tumetoka Mumias."

"Hapana," Shamim akasema.

Nikamfinya. Akausogeza mkono wangu polepole, kama unavyoondoa mkono wa mgonjwa, akasimama wima akaligeukia darasa lote.

"Mimi Mnubi. Nimezaliwa Jinja. Baba yangu anaitwa Burhan, alikuwa dereva wa jeshi, amekufa Lukaya."

Nilisikia kalamu ya mwalimu ikianguka. Halafu msichana mmoja wa Kigisu, nilikuja kujua anaitwa Khainza, akainuka kwenye dawati la nyuma.

"Watu wenu walimchukua kaka yangu."

"Najua walichukua watu," Shamim akasema. "Pole. Sikumchukua mimi. Lakini ukitaka kunipiga njoo, sikimbii."

Khainza akasimama pale. Mimi nilikuwa nimekwisha kupima mlango uko hatua ngapi. Akatazama wenzake, na wenzake wakamtazama yeye, darasa zima likingoja aanze. Angepiga hatua moja tu, wote wangekuja. Hakupiga. Akakaa, akalaza uso juu ya dawati, akalia kwa sauti.

Nikamkamata Shamim mkono. "Twende. Twende nyumbani sasa hivi."

"Nenda wewe, mama. Mimi nabaki."

"Nimesema twende!" Nikauvuta. Hakuvuta kwa upande wake wala hakupiga kelele, alinitazama tu usoni na mimi nikatazama vidole vyangu vilivyomkaba, kucha zimeingia kwenye ngozi. Nilimshika mwanangu hivyo, nikimwokoa. Nikaviachia kimoja kimoja.

Mwalimu aliokota kalamu yake. Alikuwa na hofu, nilimwona, mtu aliyepitia miaka ile anajua gharama ya neno moja. Akaniuliza kwa upole, "Mama, niandike lipi? Mzazi ni wewe."

Walinigeukia wote. Neno Mumias lilikuwa limejaa mdomoni mwangu, na lingetosha. Watoto husahau, mwalimu angenisaidia, ningesema msichana ana homa, maneno yamempanda kichwani. Shamim hakuniangalia tena. Alikuwa anatazama lile daftari, mgongo wake kwangu, mabega mawili membamba ndani ya gauni la kushonewa. Nikasema, "Andika alivyosema."

"Kama alivyosema?"

"Neno kwa neno. Na Lukaya uandike."

Akaandika. Halafu akashusha kalamu kwenye mstari wa chini. "Na jina la mzazi? Ni Mama nani?"

Jina langu sikuwa nimelitamka tangu siku ile ya malori. Sauti ilitoka na mikwaruzo, nikakohoa, nikaanza upya ili wa dawati la nyuma wasikie.

"Mastula binti Rajab. Mjane wa Burhan. Kabila langu ni la huyu mtoto. Nauza chai Namatala, mwenye neno anifuate pale."